Kukodi gari Unguja na Pemba kwa safari za asubuhi kwenda, jioni kurudi: yaliyotukuta

BintiKibokoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Desemba iliyopita tulikuja Unguja kwa likizo ya watoto, tukitokea Mombasa. Tulikuwa mimi na mume wangu, watoto wawili, na mama mzazi ambaye magoti yake hayataki tena habari ya kupanda na kushuka daladala. Kabla ya safari niliuliza huku na huku mambo ya kukodi gari, na kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema nisithubutu, mwingine akasema ni kazi ya dakika kumi. Nimerudi, na ninayo ya kusema, maana najua wako wengi wenye wazee wanaotamani kuiona Zanzibar na wanaachwa nyumbani kwa sababu ya miguu.

Nianze na neno langu: ukiwa na mzee au mtoto mdogo, kodi gari. Ila kazi kubwa iko kabla hujawasha injini.

Tulishuka uwanja wa ndege usiku (watu wazima wa huko bado wanauita Kisauni, mama akadhani tumerudishwa kwetu, maana Mombasa nako iko Kisauni). Kesho yake mwenye nyumba tuliyofikia, upande wa Malindi, akatuletea bwana mmoja mwenye gari. Ilikuwa Rav4 ya zamani, gia otomatiki, laki moja ya Tanzania kwa siku, kama elfu tano za kwetu. Amana alitaka laki mbili na pasipoti yangu.

Pasipoti nilikataa. Nilimwambia kwa heshima, kaka yangu, hii ndiyo inayonirudisha kwetu, siwezi kuilaza kwa mtu. Nikampa nakala yake na nakala ya leseni, nikamwongezea amana kidogo, akaridhika. Leseni yangu ni ya Kenya. Yeye mwenyewe akanichukulia kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar, karatasi yenye jina langu. Nashukuru nilikuwa nayo, kwa sababu vizuizi vya trafiki ni vingi na kila askari aliyetusimamisha aliuliza leseni, kibali, kisha akachungulia stika ya bima kwenye kioo. Walikuwa wapole. Unapunguza mwendo, unashusha kioo, unaamkia, karatasi ziko mkononi, mnaachana salama. Ukizitafuta chini ya kiti dakika tano ndipo maneno yanapoanza.

Halafu jambo ambalo naomba msilidharau. Mume wangu aliizunguka gari yote na simu akiirekodi video, kwenye jua, kijana aliyetuletea gari akiwa amesimama pale pale anaonekana. Alisoma kwa sauti kilomita zilizoandikwa, akaonyesha mshale wa mafuta (ulikuwa chini kabisa, basi safari yetu ya kwanza ilikuwa ya kwenda sheli), akapiga kila mlango, kila taa, na bampa ya nyuma palipokuwa na mkwaruzo uliopinda kama ndoana, urefu wa kidole changu. Ilikuwa kazi ya dakika tatu. Mtaona baadaye.

Siku ya kwanza tulielekea kaskazini. Hapa nawasihi: siku moja, upande mmoja. Kisiwa ni kidogo kwenye ramani, kama kilomita 85 kutoka ncha hadi ncha, lakini matuta, ng'ombe, baiskeli na watoto wa skuli hukufanya uendeshe polepole, na ndivyo inavyotakiwa. Tulipita Maruhubi kuona magofu ya kasri la Sayyid Barghash lililoungua 1899, zimebaki nguzo na mahodhi. Kutoka Bububu tukakata kwenda Kidichi, kwenye hamamu iliyojengwa 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mama alikaa kwenye baraza ya jiwe akagusa ukuta kwa kiganja, akasema chokaa hii ni ya mafundi wa kweli. Alikaa nusu saa nzima. Na hilo ndilo ninalolilipia mimi, ile nusu saa. Ukiwa kwenye basi la watalii, mtu anapiga makofi, haya twendeni, na mzee ndiyo kwanza ameshuka.

Mangapwani tulifika saa sita. Kile chumba cha chini walimofichwa watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku mwaka 1873, mama hakushuka. Mwanangu mkubwa alishuka na baba yake, alipopanda alikuwa kimya mpaka Mahonda.

Nungwi ni kama kilomita 60 kutoka mjini. Tuliona mafundi wanavyounda majahazi, kisha tukarudi nyuma kidogo kuogelea Kendwa, ambako maji hayakimbii mbali yanapokupwa. Kosa letu lilikuwa kungoja jua lizame. Kurudi gizani sikupendi tena. Gari za ng'ombe hazina taa, na wapita njia wamevaa nguo nyeusi. Nilishika usukani kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi.

Siku ya pili ilikuwa ya kusini, na ndiyo yenye kisa. Njia ile nzuri mno, mkipita Bungi miembe mikubwa inafunga kivuli juu ya lami. Jozani kuna matuta mfululizo, nayo yamewekwa kwa ajili ya kima punju, kwa sababu walikuwa wakigongwa sana na magari. Msiyarukie. Tulisimama, kundi zima likavuka mbele yetu, mmoja na mtoto kifuani, mgongo mwekundu kama kutu, na kishungi cheupe usoni. Binti yangu mpaka leo anamwigiza.

Tukaenda Kizimkazi kuswali adhuhuri kwenye msikiti wa kale. Jihadharini, Kizimkazi ziko mbili, Dimbani na Mkunguni, na msikiti uko Dimbani. Maandishi ya kibla ni ya mwaka 1107. Wazee pale walimpa mama kiti na maji ya kutawadhia kabla hajaomba.

Tukatoka kuelekea Makunduchi. Kabla hatujafika, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Si kutoboka, lilipasuka ubavuni, mdomo wazi. Gari iliyumba kidogo, mume wangu akaishika vizuri akatoa pembeni. Speya ilikuwepo na upepo wake. Jeki ilikuwepo. Spana ya nati ilikuwa si yake! Ilizunguka tu kwenye nati kama kijiko kwenye kikombe.

Tulikaa chini ya mti wa mkungu kama dakika ishirini. Ikaja daladala ya 310, namba ya njia ya Makunduchi, imejaa, juu ina matenga na godoro. Dereva akasimama mwenyewe bila kupungiwa mkono. Akateremka na spana yake, utingo akaweka jiwe nyuma ya tairi la mbele, yule bwana akatandika gunia, akapiga goti, nati ya mwisho ilikataa, akapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili akiwa ameshika paa la gari yetu. Ikalia kwaa! Abiria waliokuwa dirishani wakashangilia. Hela alikataa katakata. Mama akamfungulia mfuko wa shokishoki tulizonunua njiani, akamimina nusu nzima kwenye kofia yake. Hiyo aliipokea.

Sikuendelea na safari bila speya. Jambiani tuliiona dirishani tu, wanawake wa mwani wakirudi na magunia kichwani, tukakata Paje tukarudi mjini polepole.

Siku ya kurudisha gari, kijana akaizunguka, akafika bampa ya nyuma, akasema, hapa mmenikwaruza, na tairi pia ni lenu, amana haitarudi. Mume wangu hakupandisha sauti. Akafungua simu, akamwonyesha video, kijana mwenyewe akajiona amesimama karibu na ule mkwaruzo. Akampigia bosi wake. Tulizungumza nusu saa nzima kuhusu tairi, mwisho amana ikarudi pungufu ya elfu thelathini. Nilikubali ili tusikose boti ya Pemba, lakini moyo wangu haujakubali. Lile tairi lilikuwa limekauka, lina nyufa kama udongo wa kiangazi. Mnaojua magari, je, tulikosea wapi?

---

FundiWaAmani

Waalaykum salaam dada. Pole na safari, na hongereni kwa ile video.

Hamjakosea kuendesha. Mlikosa kuangalia umri wa tairi, na wengi hawajui kama tairi lina umri. Ubavuni tafuta maandishi yanayoanza na DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 1215, hilo limetengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2015. Linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado limekufa, mpira umeshakauka. Huku kwetu jua, chumvi, na gari kusimama muda mrefu msimu wa mvua, vyote vinalila tairi. Likipasuka ubavuni kwa uzee halipaswi kulipwa na mkodishwaji. Likitobolewa na msumari, sawa, pancha ni yako.

Tairi nyingine hutumbukizwa dukani zikiwa zimetumika, zimetoka nje na meli, zimepakwa dawa nyeusi zing'ae. Usidanganywe na weusi. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba, ukiona vinyufa vinafunguka, mwambie mwenye gari abadilishe au akupe nyingine.

Na spana: usiulize "ipo?" Itoe, iweke kwenye nati, ilegeze nati moja uikaze tena. Mbele ya nyumba yake.

---

DerevaWaShamba

Dada, simulizi nzuri, lakini nitasema na upande wangu, maana nafanya kazi hii ya kuchukua wageni muda mrefu. Mngechukua gari na dereva msingekaa chini ya mkungu. Dereva anajua spana yake iko wapi. Anajua maji yanajaa saa ngapi. Watu wanakodi gari wanaendesha saa nzima mpaka Michamvi kwenda kula kwenye ule mkahawa ulioko juu ya jiwe, wanafika maji yamekupwa, wanakuta mchanga na mawe. Wengine wanafika wakati wa bamvu, yaani maji makuu, gari wameiacha chini ufukweni kwa sababu wakati wanaegesha palikuwa pakavu! Nimeshavuta Escudo mbili kwa kamba, maji ya chumvi yako kwenye viti.

Na mtu akikodi gari bila dereva, mimi nalala njaa. Nalisema wazi.

---

BintiKibokoni

FundiWaAmani, Mungu akuzidishie. Nimekwenda kuangalia matairi ya gari yetu hapa nyumbani baada ya kusoma, moja ni la 2014. Linaondoka wiki hii.

Kaka DerevaWaShamba, umesema kweli na sitakubishia kwenye maji. Sisi ni watu wa pwani, bamvu na maji mafu tunayajua, na hata hivyo tuliulizia kila asubuhi kabla ya kutoka. Mgeni wa bara asiyejua, amsikilize huyu bwana: msiegeshe kwenye mchanga hata kama umekauka vipi.

Kuhusu dereva, nilipiga hesabu. Tulikuwa watano, gari ya watu watano. Tukiongeza dereva tungelazimika kuchukua Noah, na bei ingepanda. Hilo la kwanza. La pili ni mama. Anataka kusimama kila penye mti, anataka kunyoosha miguu, mara anataka kulala kidogo mlango wazi. Mbele ya mtu wa kazi anaona haya, atavumilia, kisha usiku magoti yamevimba. Kwa mwanawe haoni haya.

Lakini safari ya mjini nakupa wewe. Mji Mkongwe hauna nafasi ya gari, tulizunguka Darajani mara tatu, tukaiacha nje tukaingia kwa miguu. Siku ya mjini tusingeilipia gari kabisa. Hiyo laki moja ilikaa kivulini.

---

MtotoWaMtambwe

Na Pemba je? Umetaja boti kisha umetuacha bandarini.

---

BintiKibokoni

Ndugu yangu, nimechelewa kwa sababu Pemba ninayo mengi na sikutaka kuyabana.

Pemba tulikuwa na khaloo yake mama, yaani ndugu wa kike wa mama yake, Wete, hawajaonana miaka na miaka. Mabango ya kukodisha gari niliyoyaona ni machache mno, mambo yanapita kwa watu. Khaloo alimwambia jirani, jirani akamwambia mwanawe mwenye Vitz, jioni gari iko mlangoni. Kwa sababu ilikuwa kwa kujuana, hakutaka kuandikiana. Mimi nikaandika hivyo hivyo, karatasi ya daftari: jina, namba ya gari, siku, bei, nani analipa nini ikiharibika. Khaloo alinuna kidogo, akaona kama namtilia shaka mtoto wa jirani. Nikamwambia, khaloo, nataka tuagane tukiwa tunapendana. Na video tukapiga.

Kutoka Chake Chake hadi Wete ni kama kilomita 30, lakini msihesabu kwa kilomita. Ni vilima na mabonde, kona juu ya kona, mikarafuu pande zote, na harufu. Tulikuta msimu. Kila kijiji majamvi yametandikwa kando ya barabara, mahali pengine mpaka yameingia kwenye lami, karafuu zinaanikwa. Zikiwa mbichi zina wekundu na ukijani, pembeni ziko zilizokwisha kauka, kahawia iliyokolea. Bibi mmoja alikuwa akizigeuza kwa miguu, anaburuza unyayo taratibu kama mtu anayepiga mistari kwenye mchanga. Mama aliomba tusimame. Wakazungumza wawili wale mpaka mimi nikamaliza kunyonyesha.

Tukafika Konde, tukapita msitu wa Ngezi hadi Vumawimbi. Njia ndani ya msitu ni nyembamba, miti imefunga juu, ukikutana na gari mmoja wenu anarudi nyuma. Vitz ilifika, lakini ilikuwa kavu. Baada ya mvua nisingeipeleka. Ufukwe wote tulikuwa peke yetu pamoja na wavuvi wanne. Chukueni maji na chakula, na mafuta jazeni Chake au Wete, msiingoje ile taa iwake.

---

MtotoWaMtambwe

Sasa umenena, na khaloo mpe salamu.

Naomba niongeze moja kwa wageni wote wanaokuja kwetu na gari. Jamvi la karafuu likiwa limeingia barabarani, usilikanyage hata kwa tairi moja. Najua utasema barabara ni ya gari. Lakini pale juu ya jamvi pana ada ya skuli ya mtoto, pana bati la nyumba. Karafuu iliyovunjika vichwa inashuka daraja ikifika kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Simama, piga honi kidogo, mtoto atakuja kuvuta jamvi, na atakupungia.

---

MgeniWaDodoma

Asanteni sana, uzi huu nimeuhifadhi. Sisi tunakuja Juni na mtoto wa miezi minane. Maswali mawili: bima inayobandikwa kwenye kioo inanikinga mimi au mwenye gari? Na kiti cha mtoto kinapatikana?

---

FundiWaAmani

Bima kwanza. Stika peke yake haikwambii kitu. Muulize ni bima kubwa au ni ile ya kumlipa mtu wa tatu tu. Kama ni ya mtu wa tatu, ukimgonga mwenzako atalipwa yeye, gari uliyokodi utaitengeneza kutoka mfukoni. Swali la pili ambalo watu hawaulizi: gari imekatiwa bima kama ya biashara ya kukodisha, au kama ya matumizi binafsi? Hapo ndipo watu wanapoumia. Mtu ana gari yake ya kwendea kazini, Desemba anaikodisha. Ikipata ajali, kampuni ya bima ikijua ilikuwa imekodishwa, inaweza kukataa kulipa. Mwambie akuonyeshe cheti chenyewe, kipige picha. Akisitasita, tafuta mwingine, gari haziishi.

---

BintiKibokoni

Kiti cha mtoto, dada au kaka wa Dodoma, mimi nilikiulizia sehemu tatu. Wawili walisema kipo, kilipoletwa mkanda wake mmoja umekatika na kufungwa fundo. Wa tatu hakuwa nacho. Nilikuwa nimebeba changu kutoka nyumbani, na nakuombeni mbebe chenu, hata kama mzigo utazidi. Kabla ya kulipa hakikisheni mikanda ya kiti cha nyuma ya gari yenyewe ipo na inashika, kwa sababu kwenye hizi gari za zamani mara nyingi imesukumwa chini ya kiti, haionekani. Ile Vitz ya Wete tuliing'oa mikanda kutoka chini ya foronya ya kiti kwa kisu cha jikoni cha khaloo.

Na Juni masika yanakuwa yamemalizika, barabara za vumbi zina makorongo mapya. Chukueni gari iliyoinuka. Mkipita njia ya Makunduchi mkaiona 310, mpungieni mkono kwa niaba yetu.